Kompyuta, kadi ya sauti na programu ya kurekodia muziki nyumbani: anza na chombo kitakachopigwa

Watu wengi wanaotaka kurekodi muziki nyumbani huanza kwa kununua kompyuta, kisha hutafuta programu, na kadi ya sauti, yaani kifaa kinachopokea sauti ya maiki na kuiingiza kwenye kompyuta, hununuliwa mwisho kwa fedha zilizosalia. Nami nilifuata mpangilio huohuo. Siku ya kwanza nilipomketisha mjomba wangu mbele ya maiki sebuleni, nikamvisha hedifoni na kumwomba apige udi wake, alipiga mizani mbili tatu akasimama, akaondoa hedifoni sikio moja, akaniuliza: “Mjomba, mbona udi wangu unanijia nyuma?” Kila alipogusa uzi, mlio ulitoka kwenye maiki, ukaingia kwenye kompyuta, ukatoka tena, na ulipomfikia sikioni yeye alikwisha kuhamia noti nyingine. Kompyuta ile ilikuwa na kioo kipana na diski kubwa, vitu nilivyovilipia fedha nyingi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kumrudishia udi wake mahali pake.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea. Unaanza na muziki wenyewe, unafuata kadi ya sauti, kisha programu, na kompyuta inakuja baadaye kwa sababu kazi yake ni kuvitumikia hivyo viwili. Kwa mtu anayeanza bila kitu chochote, mgawo ninaoupendekeza ni kuzigawa fedha mafungu kumi: matano yaende kwenye kompyuta ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini, mawili kwenye kadi, mawili kwenye maiki, na moja libaki kwa ajili ya hedifoni, kebo na stendi.

Hatua ya kwanza: hesabu vitakavyorekodiwa kwa wakati mmoja

Swali la kujiuliza ni vyombo vingapi vitasikika kwa pamoja wakati kitufe cha kurekodi kimebonyezwa. Idadi ya vyombo vitakavyokuwamo kwenye wimbo ukikamilika ni jambo jingine. Mwimbaji wa Bongo Fleva anayetengeneza mdundo ndani ya kompyuta na kuweka sauti juu yake anahitaji tundu moja tu la maiki, hata kama ataimba sauti kumi za kuitikia, kwa kuwa ataziimba moja baada ya nyingine. Mpiga gitaa anayeimba huku anapiga anahitaji matundu mawili. Kwaya ndogo inaweza kurekodiwa vizuri kwa maiki mbili zinazofanana, zikiwekwa mbele yake kwa umbali wa kutosha ili sauti zichanganyike hewani kabla ya kufika.

Kundi la taarabu ndilo linalohitaji kufikiriwa zaidi. Udi, fidla, kanuni, dumbaki na mwimbaji wakipiga pamoja, na kila mmoja akitaka maiki yake, kadi ya matundu mawili haitoshi, na ni lazima itafutwe yenye manane. Wakikubali kurekodiwa mmoja mmoja, matundu mawili yanatosha kabisa. Hata hivyo, waliozoea kutazamana na kuvutana wakati wa kupiga mara nyingi hupoteza uhai wa muziki wanapotenganishwa, na mimi ningeazima kadi kubwa kwa siku mbili kuliko kuwavunja.

Hatua ya pili: kadi ya sauti

Kadi iliyomo ndani ya kompyuta imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya video na kusikilizia muziki. Tundu lake dogo la maiki hutoa volti chache tu, na kwa kuwa imekaa jirani na prosesa na feni, hunasa milio ya umeme inayozunguka humo ndani. Kadi ya nje inayochomekwa kwenye USB huondoa matatizo hayo mawili, lakini kadi za nje nazo hazilingani, na yafuatayo ndiyo ya kukaguliwa kabla ya kulipa.

La kwanza ni tundu la XLR, yaani lile la duara lenye pini tatu, pamoja na kitufe kilichoandikwa 48V. Maiki za aina ya kondensa, ambazo hunasa vizuri mikwaruzo midogo ya kidole kwenye uzi na pumzi ya mwimbaji, haziwezi kufanya kazi ipasavyo bila kupelekewa umeme huo wa volti 48 kupitia kebo ileile ya sauti. Sokoni zipo maiki za kondensa za bei ya chini zinazouzwa pamoja na kebo ya kuchomeka kwenye tundu dogo kama la simu. Mnunuzi huichomeka, husikia sauti hafifu inayotoka kama chini ya shimo, na huilaumu maiki, wakati kosa ni kwamba maiki ina njaa. Maiki za dainamiki kama Shure SM58 hazihitaji umeme huo, na katika chumba chenye mwangwi au kilicho kando ya barabara mara nyingi ndizo zinazofaa zaidi, kwa kuwa hazivuti sana sauti za mbali.

La pili ni nguvu ya kukuza sauti, inayoitwa geini. Maiki za dainamiki hutoa umeme mdogo sana, na chombo cha sauti ya chini kama udi huhitaji geini ya desibeli 50 na kuendelea. Shure SM7B, inayopendwa na waimbaji na watangazaji, inadai desibeli 60 hivi. Kadi ambayo geini yake huishia chini ya hapo itakulazimisha kuizungusha hadi mwisho, na hapo ndipo huanza kusikika uvumi kama wa redio iliyopoteza stesheni. Idadi ya desibeli huandikwa kwenye maelezo ya mtengenezaji, na ni namba ninayoiheshimu kuliko zote zilizochapishwa kwenye boksi.

Namba inayotangazwa kwa herufi kubwa, kilohezi 192, haina uzito huo. Kadi hupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde, na inaweza kunasa masafa yanayofikia karibu nusu ya idadi ya vipimo hivyo. Sikio la mtu mwenye usikivu mzuri hufika kilohezi 20, kwa hiyo vipimo 48,000 kwa sekunde vinatosha na vinabaki. Jambo la kusisitiza ni biti 24, yaani undani wa kila kipimo, kwa sababu zinakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini kidogo, bila hofu ya kupasuka pale mwimbaji anapopandisha ghafla, na bila kuongeza kelele baadaye unapoikuza. Baadhi ya kadi ndogo kabisa hurekodi kwa biti 16 tu. Zinafaa kujifunzia, ila zinahitaji uangalifu zaidi.

La tatu ni kitufe au kirungu cha kujisikiliza moja kwa moja, ambacho kwenye kadi nyingi kimeandikwa Direct Monitor. Hicho ndicho kilichomaliza shida ya mjomba. Kikiwashwa, sauti hutoka kwenye maiki na kuingia hedifoni ndani ya kadi yenyewe, bila kuzunguka kwenye kompyuta, na hakuna kuchelewa kunakosikika. Waimbaji hulalamika kwamba sauti wanayoisikia hivyo ni kavu, haina mwangwi wa kuwatia moyo. Dawa ni kuweka mwangwi ndani ya programu, kuizima kabisa sauti kavu ya programu, na kuuacha mwangwi peke yake urudi hedifoni. Sauti yenyewe inatoka kwenye kadi bila kuchelewa, na mwangwi unaofika nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde hausumbui, kwa kuwa mwangwi kwa asili yake huja nyuma.

La nne ni draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta. Kwa anayetumia Windows, kadi iwe na draiva ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni yake yenyewe. ASIO ni mfumo wa kampuni ya Steinberg unaoiwezesha programu kuzungumza na kadi bila kupita kwenye mlolongo wa kawaida wa sauti wa Windows. ASIO4ALL, inayopatikana bure, huiga kazi hiyo juu ya draiva ya kawaida, na ninaichukulia kama gongo la kutembelea wakati mguu haujapona. Ukinunua kadi ya mtumba, ingia kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji uhakikishe kwamba draiva ya toleo lako la Windows ipo. Kadi za zamani za FireWire huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kompyuta za leo hazina tundu la kuichomeka. Kwenye Mac, kadi nyingi hufanya kazi mara tu zinapochomekwa.

Usilipie zaidi kwa sababu tu kadi ina USB-C. Hilo ni umbo la plagi na halielezi kasi. Sauti ya tundu moja katika biti 24 na vipimo 48,000 hutumia takriban megabiti 1.2 kwa sekunde, na USB 2.0 ya siku nyingi ina uwezo wa megabiti 480.

Kwa mifano, Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki, Scarlett 2i2 na Behringer UMC204HD zina mawili, na kwa kundi zima Behringer UMC1820 ina manane. Jihadhari sana na mikisa, yaani meza za kuchanganyia sauti, yenye USB. Nyingi zina matundu sita au manane ya maiki, lakini hupeleka kwenye kompyuta mchanganyiko wa njia mbili tu, kushoto na kulia. Kwaya ikishaondoka na ukagundua kwamba soprano imefunikwa na besi, hutaweza kuwatenganisha tena. Muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya: je, kila maiki itaingia kwenye treki yake, yaani njia yake peke yake ndani ya programu? Asipokuwa na uhakika, tafuta maelezo ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya tatu: elewa bafa kabla ya kuchagua vilivyosalia

Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Huijaza kwanza kwenye ndoo ndogo iitwayo bafa, na ndoo ikijaa ndipo huibeba. Bafa ya sampuli (yaani vipimo) 1,024, kama ile niliyomwekea mjomba, katika vipimo 48,000 kwa sekunde, huchukua milisekunde 21 kujaa. Sauti ikienda na kurudi inakuwa imechelewa takriban milisekunde 43. Sauti hewani hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mjomba wangu alikuwa kama mtu anayepiga udi huku akiusikia kutoka kwenye spika iliyowekwa mbali naye karibu mita 15. Bafa ikipunguzwa hadi 128, safari nzima hushuka hadi milisekunde tano na kidogo, ukiongeza muda mfupi wa kadi yenyewe, na wapigaji wengi hawatambui kuchelewa kulikopo chini ya milisekunde 10.

Hapa ndipo mahitaji ya watu yanapotofautiana. Mwimbaji na mpiga udi wanaokolewa na kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, hata kama bafa ni kubwa na kompyuta ni dhaifu. Anayepiga kinanda cha MIDI, yaani kinachoipelekea kompyuta amri za noti badala ya sauti, hawezi kuokolewa hivyo, kwa sababu mlio anaousubiri haupo kwenye kadi. Unatengenezwa ndani ya kompyuta baada ya kidole kugusa. Huyo anahitaji bafa ya 128 au 64, na kwa hiyo anahitaji draiva nzuri na prosesa yenye nguvu. Wakati wa kurekodi bafa huwekwa ndogo. Wakati wa kumiksi hurudishwa 1,024, ili kompyuta ipate nafasi ya kuhudumia programu jalizi, yaani programu ndogo za ala na mwangwi zinazoongezwa ndani ya ile kuu.

Hatua ya nne: programu

Kwa anayerekodi sauti na vyombo halisi, ninapendekeza REAPER ya kampuni ya Cockos. Faili yake ya kupakua ni ndogo, jambo la maana kwa anayenunua bando, nayo hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya wastani katika Windows, macOS na Linux. Unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Upungufu wake ni kwamba haiji na ghala la vinanda na ngoma, kwa hiyo mtengeneza midundo atalazimika kutafuta ala zake pembeni.

Mtengeneza midundo atajisikia nyumbani zaidi kwenye FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mafundi wengi wa Bongo Fleva wanaifahamu, na hilo lina thamani yake, kwa kuwa ukikwama hukosi wa kumuuliza. Ukiinunua mara moja, matoleo yote yajayo unayapata bila malipo. Lakini soma majina ya madaraja yake kwa makini: daraja la chini, Fruity Edition, kwa miaka mingi halikuruhusu kurekodi sauti kwenye mpangilio wa wimbo, na anayetaka kuimba humo ahakikishe kwanza kwamba daraja analonunua linaruhusu, la sivyo achukue Producer Edition. Toleo la majaribio nalo linakubali kuhifadhi kazi ila halitaifungua tena mpaka ulipe. Mwenye Mac aanze na GarageBand, ambayo ni ya bure, na akiizidi ataihamishia kazi yake kwenye Logic Pro bila kuanza upya. Audacity ni nzuri kwa kurekodi masimulizi na kukata sauti, lakini kwa wimbo wenye treki nyingi na kinanda cha MIDI utaichoka mapema.

Programu zilizovunjwa kufuli, zinazopatikana kwenye flashi za mitaani, sizishauri hata kwa kujaribia. Wengi hupokea pamoja nazo virusi vinavyoshika mafaili, na kompyuta inayohifadhi sauti ya mzee ambaye huenda hatarekodi tena si mahali pa kubahatisha.

Kwa wanaorekodi taarabu kuna tahadhari moja ambayo siioni ikitajwa. Programu za kurekebisha sauti iliyotoka nje ya noti huivuta kwenye hatua 12 za kinanda cha kizungu, na maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama rasti zina hatua zinazolala katikati ya hizo. Ukimwekea mwimbaji wa maqamu programu hiyo katika mpangilio wake wa kawaida, itamsahihisha pale alipopatia. Izime kabisa, au irekebishe noti moja moja kwa mkono na kwa sikio.

Hatua ya tano: kompyuta

Sasa kompyuta inaweza kuchaguliwa, na mahitaji yake ni ya kawaida kuliko yanavyosemwa. Kumbukumbu, yaani RAM, iwe gigabaiti 8 kwa uchache, na 16 kwa anayetumia ala nyingi za ndani ya programu. Diski iwe SSD. Treki moja katika biti 24 na vipimo 48,000 hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye treki 20 hufikia karibu megabaiti 700, kabla ya kuhesabu marudio yote yaliyoharibika. SSD ya gigabaiti 256 ni mwanzo mzuri ikiwa kuna diski ya nje ya kuhamishia kazi zilizokamilika.

Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakutana na kompyuta mpakato nyingi za mtumba zilizotoka maofisini nje ya nchi, na ndizo ninazozipenda kwa kazi hii. Tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata kistari: i5-7300U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane. Tofauti ya kizazi kimoja hapa ni kubwa, kwa kuwa ile ya kwanza ina viini viwili na hii ya pili ina vinne. Isitoshe, Microsoft ilisitisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 kwa kawaida ni za daraja hilo, na zote zina nafasi mbili za kuongezea RAM. Angalia herufi za mwisho: T480s, yenye s, ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu. Mimi niliwahi kununua mashine nyembamba na nzuri kwa macho, fundi akaifungua ili aongeze kumbukumbu, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kwamba hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Kwa mwenye uwezo, MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina sifa adimu kwa anayerekodi chumba kimoja na kompyuta: haina feni, kwa hiyo haipigi kelele. RAM yake haiongezeki, basi chukua ya gigabaiti 16 ukiipata. Kompyuta ya mezani hutoa nguvu zaidi kwa fedha zilezile, lakini pale umeme unapokatika mara kwa mara huilazimu UPS, yaani betri ya dharura, wakati kompyuta mpakato inabeba betri yake.

Dukani, kabla ya kulipa, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, angalia afya ya SSD kwa programu ya bure CrystalDiskInfo, kisha endesha LatencyMon kwa dakika 10 huku Wi-Fi ikiwa imewashwa, uizime, na uendeshe tena. Programu hii hupima kama kuna draiva inayoishikilia kompyuta kiasi cha kuikatizia sauti. Ikionyesha wekundu mara zote mbili, waombe mashine nyingine ya aina ileile. Ikisafika Wi-Fi inapozimwa, umepata kompyuta nzuri, nawe utarekodi ukiwa umeizima intaneti.

Hatua ya sita: usiku wa kwanza

Sakinisha draiva kabla ya kuichomeka kadi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows chagua utendaji wa juu, kwa sababu mashine inayojibana ili kuhifadhi betri hutoa milio ya kukatika katikati ya wimbo. Weka bafa 128, rekodi sekunde 30 za ukimya, kisha sikiliza kwa hedifoni ukipandisha sauti. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukipotea, shida iko kwenye njia ya ardhi ya umeme: chomeka kompyuta na spika kwenye soketi moja yenye ardhi, au rekodi kwa betri. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa mvumo, kwani pini hiyo inalinda uhai wa mtu aliyeshika maiki ya chuma mkononi.

Zima feni na jokofu, na uache funguo za nyumba ndani ya jokofu hilo ili usisahau kuliwasha unapotoka. Nyumba ya mabati isirekodiwe mvua ikinyesha. Hakuna programu itakayoitoa. Mwombe mpigaji apige sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, kisha punguza geini mpaka kilele kisimame karibu na desibeli 12 chini ya sifuri ya programu. Baada ya hapo usiiguse tena.

Mkimaliza, kabla ya kufunga kompyuta, nakili folda yote kwenye diski ya nje. Kisha toa kila treki kama faili la WAV linaloanzia sekunde ya kwanza ya wimbo, hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, ili atakayeyafungua mafaili hayo kwa programu nyingine miaka ijayo ayapange yote mwanzoni na kuyakuta yamelingana.